Fundi Mwoga na Kiti cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mwoga, na hakuna aliyeona haya kumwita hivyo mbele ya wateja wake. Fundi mwingine angeng'aka. Yeye aliitika, akafuta mikono, akauliza gari lina shida gani. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bati la banda lake: MWOGA, UMEME WA MAGARI. Aliyeliandika ni jirani yake, mgonga bodi za magari aliyejulikana kwa jina la Nyundo, siku ambayo mwenyewe hakuwepo. Mwoga aliporudi alilitazama bati lile kwa muda, akasema herufi ya mwisho imepinda, kisha akaingia ndani kuendelea na kazi.

Na jina alikuwa amelistahili. Hakugusa waya wa gari kabla ya kufungua kichwa cha betri ili umeme ukatike. Ndoo mbili za mchanga zilikaa mlangoni mwaka mzima, na ole wake mtoto atakayechota mchanga ule kuchezea. Mteja akija na sigara mdomoni, Mwoga alimwonyesha ng'ambo ya barabara kwa kidole, akangoja. Gari lenye shida ya mafuta, ambalo fundi mwenzake angelimaliza chai ikiwa bado ya moto, yeye alilikalia nusu siku. Kwanza anuse, halafu asikilize, halafu apime, halafu apime tena kile alichokwisha kukipima. Nyundo alizoea kuwaambia watu kwamba ukimpelekea Mwoga tochi isiyowaka, atakuomba umwachie mpaka Ijumaa.

Watu walicheka, naye aliwaacha wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo wengi huijua kwa mdomo tu. Mwoga aliijua kwa macho. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alijifunza kazi kwa fundi mmoja mwenye mikono myepesi na moyo wa simba, ambaye gari likigoma hakuhangaika kutafuta kilicholigomesha. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha huku na huku, gari likawaka, mteja akaenda zake akimsifu. Siku moja cheche ya waya ule ilikutana na harufu ya petroli. Si petroli yenyewe, ni harufu yake tu iliyokuwa imejaa chini ya lori. Mwoga ndiye aliyemvuta mwalimu wake kwa miguu. Mwalimu alipona, lakini vidole vyake havikukunjika tena, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akilishwa na mkewe kwa kijiko. Tangu siku hiyo kijana yule aliogopa, na tofauti yake na wengine wanaoogopa ni kwamba hakuficha.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mwoga alimwogopa kuliko hata petroli, naye ni mama mkwe wake.

Msinielewe vibaya. Mama yule hakuwa mkali. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya chini na macho ya kucheka, na hakuwahi kumkosea mkwewe hata siku moja. Tatizo lilikuwa heshima. Mwoga alilelewa kwamba mkwe ni mtu wa kutazamwa magotini, na akalishika fundisho hilo kama alivyoshika mengine yote, mpaka likapita kiasi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kuketi naye benchi moja. Akitaka kumwambia neno, alimwambia mkewe: "Mwambie mama chai ipo mezani," na mama ameketi pale pale, anasikia. Mama naye, kwa kumstahi, alijibu kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mkwe nimeshukuru." Mke alikaa katikati yao akipeleka maneno huku na huku, na alishachoka kuwacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mama mkwe alikuwa anakwenda hospitali ya mji wa pili kupasuliwa goti. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miezi saba. Kadi yake ilisema afike kabla ya saa nne asubuhi, na chini yake mtu alikuwa amepigia mstari: atakayechelewa jina lake litarudi mwisho wa orodha. Miezi saba mingine kwa goti lile haikuwa jambo la mzaha. Alikuwa akipanda ngazi tatu za mlango wake kwa makalio.

Mke ndiye aliyekuwa dereva. Gari lao lilikuwa la zamani, la umri wa miaka ishirini na minne, rangi ya maziwa iliyochujuka, na walikuwa wamelinunua wiki tatu tu zilizopita. Mganga hajigangi. Magari ya watu yalipimwa mara mbili mbili, na hili la nyumbani lilikuwa likingoja Jumamosi ambayo haikufika. Asubuhi likiwa baridi liliwaka bila shida. Likishapata moto ukilizima, lilikataa kuwaka mpaka lipumzike.

Saa mbili kasoro walipita bandani kuaga. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mgongo kwenye mlango mmoja, mguu mbovu umenyooshwa kukijaza kiti chote, umepandishwa juu ya mito miwili. Kumweka vile kulikuwa kumechukua robo saa na nguvu za majirani wawili. Mke akasahau tabia ya gari, akalizima ili asimame kidogo na mumewe. Walipomaliza kuagana akawasha. Likazunguka, likazunguka, halikuwaka.

"Acha," Mwoga alisema. "Usiichoshe betri. Fungua ufunguo tu, usipige stata."

Mke akafungua. Mwoga akainama karibu na dirisha la nyuma, upande usio na uso wa mama, akasikiliza. Katika magari ya namna ile, ukifungua ufunguo pampu ya mafuta huvuma kwa sekunde mbili ndani ya tangi, mvumo mdogo kama wa nyuki kwenye chupa. Hakusikia nyuki wala nzi.

Akaenda mbele, akapiga magoti kwenye mlango wa dereva, akafungua kifuniko cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ya pampu ilikuwa nzima. Lakini namba yake ilimfanya asogeze uso karibu. Kifuniko kilisema ampea kumi na tano. Iliyowekwa ilikuwa ya thelathini. Fundi fulani, huko gari lilikotoka, alichoka kubadilisha fyuzi zinazokatika, akaweka kubwa ili zisikatike tena. Kwa Mwoga hilo lilikuwa sawa na kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka usiku. Akaitoa, akaitupia kwenye kisahani cha majivu cha gari, akaweka ya kumi na tano.

Kisha akagusa rilei, akaondoa kidole haraka. Ilikuwa ya moto. Rilei ni kijisanduku cheusi kidogo kuliko kiberiti, na kazi yake ni ya bawabu: ufunguo unampa ishara ndogo, naye anafungua mlango umeme mkubwa upite kwenda kwenye pampu. Bawabu huyu alikuwa ameungua. Ya honi ilikuwa pembeni yake, umbo lile lile, miguu minne ile ile. Akaichomoa ya honi akaiweka mahali pa ile iliyoungua. Mke akafungua ufunguo. Nyuki akavuma. Akapiga stata, gari likawaka mara moja.

"Limekubali," mke alisema. "Twende?"

Mwoga alibaki amesimama, mita ya kupimia umeme mkononi. Kwake kazi ilikuwa imefika katikati. Rilei iliyoungua haiachwi hivi hivi. Lazima upime pampu inavuta umeme kiasi gani, na lazima uikague plagi yake, pale nyaya zinapoingia juu ya tangi. Kwenye gari lile, plagi hiyo ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Unainua kiti, unafungua kifuniko cha bati, unaiona. Kazi ya dakika kumi. Na juu ya kiti ameketi mama mkwe, na mguu wake, na mito yake miwili.

"Bado kitu kimoja," alisema.

"Kitu gani? Saa mbili na robo hii."

Alitazama kiti cha nyuma. Macho yakafika kwenye mito, hayakupanda zaidi. Alijaribu kuliunda lile neno kichwani. Mwambie mama ashuke. Mwambie mama, aliyepakiwa kwa robo saa huku akiuma meno, kwamba ashushwe, akae kwenye ndoo ya mchanga mbele ya wapita njia, halafu apakiwe upya, kwa sababu mkwewe ana wasiwasi.

Nyundo alikuwa akiwatazama kutoka banda lake. "Mwoga, mwachie mama aende," alisema. "Ukianza kupima, watafika hospitali goti limeshapona lenyewe."

Mama mkwe akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa wema, lakini kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na tisa, Mwoga aliona aibu ya kuwa mwoga.

"Nendeni," alisema. "Honi haitalia, nimechukua rilei yake. Uangalie watu barabarani."

Gari likaondoka. Akalisindikiza kwa macho mpaka lilipokata kona.

Alirudi mezani na ile rilei ya zamani. Hakuwa na haraka nayo. Aliifungua kwa mazoea tu, kama mtu anayemenya chungwa. Akapenyeza bisibisi nyembamba, kifuniko kikatoka. Ndani vidole vya shaba vilikuwa vyeusi, hilo alilitarajia. Ambalo hakulitarajia lilikuwa chini. Upande wa miguu inayokwenda kwenye pampu, plastiki ilikuwa imeyeyuka, ikatiririka, ikaganda tena, rangi ya kahawia. Hilo halikuwa jambo la leo wala jana. Lilikuwa limeyeyuka mara nyingi.

Rilei haijiunguzi. Inaunguzwa na kinachopita ndani yake. Pampu iliyozeeka huvuta umeme mwingi kuliko kawaida, na umeme huo huo uliopita hapa na kuyeyusha plastiki, unapita pia kwenye plagi iliyo juu ya tangi. Kama huku hali ni hii, kule ikoje? Na ile fyuzi ya thelathini iliyaruhusu haya yaendelee, miezi, labda miaka.

Halafu akakumbuka jambo lingine. Alipoinama karibu na dirisha la nyuma kusikiliza pampu, alisikia harufu ya petroli. Hafifu. Pua yake iliisikia, na yeye akaiambia pua yake kwamba ni ovaroli lake linanuka.

Wakati huo woga ulimshika barabara. Si ule wake wa kila siku, ule wa kuweka ndoo na kupima mara mbili. Ule alishauzoea, alikula nao na kulala nao. Huu ulimletea picha. Aliona kiti cha nyuma kinafuka. Aliona mkewe anafungua mlango. Na aliona mguu ule ulionyooshwa, ambao majirani wawili walihitaji robo saa kuupandisha, na akajiuliza mke peke yake angehitaji muda gani kuushusha.

Akampigia mkewe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku akijua ni bure, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemzoesha kuiweka simu kwenye buti la gari anapoendesha. Yeye na woga wake.

Alikuwa na namba moja nyingine. Mkewe alimwandikia kwenye simu mwaka waliooana, na hakuwahi kuibonyeza. Hata sasa, Mungu amsamehe, kidole kilisita. Alifikiria ataanzaje. Shikamoo mama, chini yako kuna moto? Kisha akabonyeza. Ikaita. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga mara ya pili, ikaita mara mbili tu ikakatwa.

"Nyundo," alisema. "Washa pikipiki."

"Kwenda wapi? Nimeshika rangi."

"Mke wangu na mama yake wameketi juu ya moto. Mimi ndiye niliyewapeleka."

Nyundo alikuwa na mzaha kwa kila jambo chini ya jua. Alimtazama usoni, akaweka brashi chini, akawasha pikipiki.

Mwoga hakuwahi kupanda pikipiki ya Nyundo. Alikuwa akisema ile si pikipiki, ni jeneza lenye honi. Sasa alimkumbatia kiunoni, na kila Nyundo alipopunguza mwendo kwenye kona alimgonga mgongoni kwa paji la uso aongeze. Walipita soko la mitumba, wakapita kiwanda cha matofali, wakatoka mjini. Mbele, upande wa kushoto, moshi ulikuwa ukipanda nyuma ya miti. Mwoga alifumba macho. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakujua anayo. Alipofumbua, aliona ni mzee mmoja na reki, anachoma majani makavu nyuma ya ua wake.

Akajilazimisha kufikiri kama fundi. Nimeweka fyuzi ya kumi na tano, alijiambia. Pampu ikivuta kupita kiasi, itakatika. Itakatika, pampu itasimama, gari litazima, hapo hapo. Kwa mara ya kwanza tangu afungue ile rilei alivuta pumzi ikafika chini. Woga wake wa asubuhi, ule mdogo wa kila siku, ndio uliokuwa umewawekea mlinzi.

Pumzi yenyewe hakuimaliza. Gari likizima, mke atafanya nini? Mke wa fundi hakai barabarani kungoja watu. Atafungua kifuniko chini ya usukani, kwa sababu mumewe amemfundisha. Ataitoa fyuzi, ataitazama kwenye mwanga, ataona uzi wake umekatika. Ataangaza macho kutafuta nyingine. Na pale pale, kwenye kisahani cha majivu, ataikuta fyuzi nzima, safi, yenye umbo lile lile. Mume mwenyewe ndiye aliyeiacha. Ataona kwamba amemwachia ya akiba.

"Ongeza," alisema sikioni mwa Nyundo.

"Imefika mwisho."

"Ongeza."

Waliliona baada ya mteremko mrefu. Limesimama pembeni mwa barabara, kabla ya daraja dogo, taa za tahadhari zinawaka na kuzima. Hakukuwa na moshi. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na mke ameinama ndani, mgongo tu ndio unaoonekana, mikono ipo chini ya usukani. Mwoga hakungoja pikipiki isimame. Aliruka, miguu haikumpokea, akaanguka kwa magoti na viganja kwenye changarawe, akainuka, akakimbia.

"Usiweke," alisema, na sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Usiweke, mama watoto. Usiweke."

Mke aligeuka. Akaona magoti yanayotoka damu, akaona uso, na uso ndio uliomtisha. "Sijaweka," alisema. "Natafuta fyuzi nyingine ya kumi na tano humu. Ile kubwa mama amenikataza."

Mwoga alishika paa la gari.

"Fyuzi ilikatika hapa juu, gari likazima," mke alisema. "Nikaikuta ile uliyoiacha, nikataka kuiweka tuwahi. Mama akaniuliza ile imetoka wapi. Nikamwambia umeitoa wewe asubuhi. Akasema, mumeo ni mwoga. Alichokitoa, amekitoa kwa woga wake. Usikirudishe."

Kutoka nyuma, sauti ya chini ilisema, "Mwambie mkwe pole, naona ameanguka."

Mke alifungua mdomo apeleke ujumbe kama kawaida yake. Mwoga alimpita. Akafungua mlango wa nyuma, upande wa miguu, akamtazama mama mkwe wake machoni. Yalikuwa macho ya kahawia, kumbe. Miaka kumi na mmoja hakuwa na habari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, naomba ushuke."

Mama alishusha pumzi. "Nimelingoja neno hilo tangu asubuhi," alisema.

Walimshusha watatu: Nyundo mabegani, mke kiunoni, Mwoga akiubeba ule mguu mbovu kwa mikono miwili, goti la mama kifuani kwake. Mama alilia mara moja kwa maumivu kisha akanyamaza. Walimweka kwenye ukingo wa daraja. Mwoga akasema mbali zaidi. Wakamsogeza. Akasema mbali zaidi. Nyundo hakutania.

Akarudi kwenye gari peke yake. Akafungua kichwa cha betri kwanza. Akafungua milango yote minne, akangoja upepo upite. Kisha akainua kiti cha nyuma, na harufu ikampiga usoni kabla hajakiegemeza. Akaondoa kile kifuniko cha bati.

Plagi haikuwa plagi tena. Ilikuwa donge la kahawia lililonyauka, na ndani yake nyaya mbili zilikuwa uchi, kati yao pamebaki nafasi ya punje ya mchele. Kuzunguka mdomo wa tangi mpira ulikuwa umepasuka, na petroli imelowesha vumbi la miaka mingi, inang'aa. Alilitazama lile pengo la punje ya mchele. Fyuzi ya thelathini ingeendelea kuzipasha nyaya zile moto mpaka zigusane, na zingegusana hapo, ndani ya harufu ile, chini ya mito miwili. Aliketi chini barabarani, mgongo kwenye gurudumu, akatetemeka mpaka meno yakagongana, na hakujaribu kujizuia.

Alipoweza kusimama alikwenda kwenye daraja. Akaketi kwenye ukingo ule ule, hatua moja kutoka kwa mama mkwe wake.

"Harufu niliisikia tangu tunatoka nyumbani," mama alisema, akitazama barabara. "Nikasema nikimwambia fundi kwamba gari lake linanuka, atadhani namfundisha kazi."

"Mimi nilitaka kukushusha, mama. Nikaona nitakusumbua."

"Na simu yako niliiona. Mara mbili. Nikasema mkwe hawezi kunipigia mimi, amebonyeza vibaya. Nikakukatia usije ukaona haya."

Mke alikuwa amesimama katikati yao kwa mazoea. Aliwatazama, huyu halafu huyu, akasema, "Mngeniua na heshima zenu," kisha akageuka akaanza kulia.

Nyundo ndiye aliyesimamisha lori, lori la magodoro. Mama mkwe alifika hospitali amelala chali juu ya magodoro mapya sita, mwanawe kando yake, na baadaye alisema hajawahi kusafiri vizuri hivyo. Walifika saa nne na dakika arobaini. Karani akaonyesha mstari kwenye kadi. Jina lilikuwa limeshashushwa. Mke akakataa kuondoka dirishani, na saa nane mgonjwa mmoja wa orodha ya kesho akatoa taarifa kwamba haji. Nafasi yake ikapewa mama.

Mwoga alilivuta gari mpaka bandani kwa lori la jamaa yake Nyundo, akalitoa tangi, akakata nyaya zote kuukuu za pampu akazitupa. Jioni alikuwa bado amekaa mbele ya kiti kile cha nyuma kilichong'olewa, hajala, wakati simu ilipoita.

Alitazama kioo. Ilikuwa ile namba. Jambo la kwanza lililomjia, kabla ya akili, ni kwamba mama amebonyeza vibaya, na kwamba adabu ni kuiacha iite ikatike. Kidole kilikuwa kimeshasogea. Akakirudisha, akapokea.

"Shikamoo, mama. Mama watoto yuko hapo hapo wodini, au hayupo?"

"Yupo, amelala kwenye kiti. Nimekupigia wewe." Nyuma yake kulikuwa na sauti ya kitoroli kinasukumwa. "Kesho asubuhi wananipasua. Daktari amepita hapa, kijana mwenye haraka sana, kasema hakuna shida. Watu wote wananiambia hakuna shida. Nami naogopa, mwanangu, naogopa sana, na nikatafuta ni nani ninayemjua anayejua kuogopa."

Mwoga aliishika simu kwa mikono miwili.

"Muulize kila kitu, mama," alisema. "Atakata wapi, atakulaza kwa dawa gani, damu ikizidi atafanya nini. Akikuharakisha, muulize tena. Wakicheka, waache wacheke."

"Nianze na lipi?"

Akasogeza ndoo ya mchanga, akaikalia. "Chukua kalamu, mama," alisema, na akaanza kumtajia, moja moja, taratibu.